Jibu: Ubia wa utafiti unazisaidia kweli nchi maskini?

Ndugu, umeuliza kama ubia wa utafiti kati ya nchi tajiri na nchi maskini una faida yoyote zaidi ya sampuli za damu kupelekwa ng'ambo na majina ya wageni kutangulia kwenye machapisho. Upo unaofaa, na mara nyingi siri yake ni nani aliyeulizwa kwanza.

Tazama MenAfriVac, chanjo ya homa ya uti wa mgongo inayoletwa na bakteria wa kundi A. Mradi wake ulianza 2001 chini ya PATH, shirika la afya lisilo la kiserikali, na Shirika la Afya Duniani. Viongozi wa afya wa Afrika waliulizwa mapema wanahitaji nini, nao wakasema wazi kwamba chanjo ya bei ghali haitawafaa. Bei ikawa sharti la kazi yenyewe: chini ya senti 50 za dola kwa dozi. Mbinu ya kuitengeneza ilitoka maabara ya serikali ya Marekani, Serum Institute ya India ikaizalisha, na Mali na Gambia zikawa miongoni mwa nchi zilizoifanyia majaribio. Desemba 2010 ilizinduliwa Burkina Faso, na leo kundi A limekaribia kutoweka kabisa kwenye ukanda unaosumbuliwa sana na homa hiyo, kuanzia Senegal hadi Ethiopia. Hayo ni maisha ya watoto wengi mno!

Kwa hiyo mkiletewa mkataba, ulizeni: data ni za nani? Vifaa vitabaki wapi mradi ukiisha? Watafiti wenyeji watasomeshwa hadi ngazi gani? Bei nayo iandikwe humo humo, isingojee majaribio yafaulu.