Bei haitajwi kwenye simu

Wiki hii mmeuliza kama biashara ya kusafisha na kupanga nyumba za watu inaweza kumuweka mtu mjini au ni kibarua cha kusubiria kazi nyingine. Mi naifanya hapa Dar, wateja wangu wengi wako Tabata, Segerea na Kimara, na jibu langu ni kwamba inamuweka kabisa, ila bei ndo inaamua, na wengi wanaharibu hapo kabla hata hawajashika dekio.

Mtu anakupigia, "dada nina vyumba vitatu na sebule, shilingi ngapi?" Usijibu, mwambie unaenda kuona kwanza. Nyumba ya vyumba vitatu iliyo kando ya lami na ina maji ya DAWASA sio sawa na ya vyumba vitatu iliyo barabara ya vumbi inayotumia kisima cha maji ya chumvi. Yale maji yanaacha ukoko mweupe kwenye bomba, kwenye sinki, kwenye kioo cha bafuni, na ule hautoki kwa sabuni hata usugue mpaka jioni, unataka siki, unalowanisha kitambaa unaviringishia bomba unaacha kama nusu saa ndo unasugua, na hiyo nusu saa na hiyo siki ni hela. Halafu kuna nyumba mafundi wametoka juzi, rangi imedondokea tailizi, saruji imeganda kwenye pembe, vumbi la jipsam limeingia mpaka ndani ya droo. Kwenye simu unaambiwa "ni kanyumba kadogo tu", ukifika unakuta ni kazi ya siku mbili.

Kingine kinachofanya niende kuona ni sakafu. Majengo ya zamani kama ya Upanga na Kariakoo mengi yana terazo, ile ina saruji na vipande vya marumaru ndani, ukimwagia siki au dawa ya choo inapoteza mng'ao na haurudi kwa kupiga deki, utatafuta fundi wa mashine. Na hili nawaambia akina dada wote wanaoingia kazini: jiki haichanganywi na siki wala na dawa ya choo yenye asidi, kamwe, inatoa gesi ya klorini na vyoo vyetu vingi kadirisha kenyewe ni kama tundu. Harufu kali sio dalili ya usafi jamani, ni kifua cha mtu hicho.

Sasa kwenye ile bei, cha kwanza kutoa ni hela ya hao dada unaowapeleka kusafisha. Siku hiyohiyo, kabla hawajapanda daladala, na nauli na chakula iwe juu yako. Ukimlipa vibaya anamfuata mteja pembeni wanaelewana wenyewe, na mi siwezi kumlaumu. Nawapeleka wawili wawili, namba ya kitambulisho cha taifa, ya NIDA, ninayo, barua ya serikali ya mtaa ninayo, mdhamini namjua. Mwenye nyumba naye namuomba awepo au aache ndugu, dhahabu na fedha azifungie mwenyewe. Wengine wanaona kama tunawashuku ila inamlinda zaidi dada wa watu, maana kwenye mji huu kikipotea kitu wa kwanza kusemwa ni yeye, hata kama hereni imeangukia nyuma ya kitanda.

Kupanga nyumba ni kazi tofauti na kusafisha na naitoza tofauti, kwa saa, kwa sababu kinachochelewesha sio mikono yetu, ni maamuzi ya mwenye vitu. Unafungua stoo unakuta madumu, nguo za watoto ambao sasa wako chuo, vyombo vya harusi havijawahi kutoka kwenye boksi, masanduku ya marehemu baba. Hatutupi kitu hata kama ni kopo lililotoboka. Tunatoa vyote nje kwenye mkeka, mama anakaa kwenye kiti, anasema hiki kinabaki, hiki kipelekwe kijijini, hiki mpe jirani. Kuna anayelia kidogo, mnamsubiri. Na picha za chumba cha mtu haziendi mtandaoni bila yeye kukubali, najua zinavutia wateja lakini kile ni chumba chake cha kulala. Masika ikikaribia nawakumbusha wateja wavute makabati yaache nafasi ukutani hewa ipite, la sivyo kufika Mei nguo zimeota ukungu nyuma, na simu za wakati huo ndo zinanilipia kodi ya pango.

Anayetaka kuanza asikimbilie kukopa anunue mashine ya kufyonza vumbi. Ndoo mbili za rangi tofauti, moja ya chooni na moja ya kwingine zisichanganyike, glavu, vitambaa vingi, ngazi fupi, siki, sabuni ya maji, brashi ya meno kuukuu ya kwenye maungio ya tailizi. Wateja wa kwanza watafute kwenye kikoba chako na mtaani kwako, kila kazi andika umelipwa ngapi na umetumia ngapi kwenye daftari, TRA, watu wa kodi, watakuuliza siku moja na wewe mwenyewe utataka kujua kwa nini nyumba ya Segerea ilikuachia hela na ya Kimara ikakula nauli yako.