Omu za hedifoni na suala la amplifaya

Wataalamu, nimenunua hedifoni za Beyerdynamic DT 770 Pro za omu 250 (omu ni kipimo cha ukinzani wa umeme). Nikichomeka kwenye simu, sauti ni ndogo. Nimeuziwa mbovu?

Hapana, ni nzima. Simu ndiyo haina volti za kutosha. Soma namba mbili kwa pamoja: omu 250, na dB 96 (desibeli, kipimo cha ukubwa wa sauti) kwa miliwati 1 ya umeme. Miliwati 1 kwenye omu 250 inataka volti 0.5. Ili vilele vya muziki vifike dB 110 unahitaji miliwati 25, yaani volti 2.5. Simu au adapta ndogo ya USB-C mara nyingi hutoa volti 1 au pungufu, hivyo utaishia kama dB 102. Nyimbo zilizorekodiwa kwa sauti kubwa zitatosha, ila filamu na okestra zitabaki chini. Tafuta amplifaya (kikuza sauti) inayotoa volti 3 kwenye omu 250, na usidanganyike na wati zilizopimwa kwenye omu 32. Hizo dB 110 ni za vilele vya kupita tu. Ukisikiliza hivyo mfululizo, masikio yataumia.

Zangu zina omu 50 tu. Basi simu inatosha?

Si lazima. HiFiMan HE-6 ina omu 50, lakini hutoa dB 83.5 tu kwa miliwati 1. Kufikia dB 110 inakula karibu miliwati 450: volti 4.7 na miliampia 95. Hapo amplifaya haikwepeki.

Angalia pia dB zimeandikwa kwa miliwati au kwa volti. Sennheiser HD 650, omu 300, ni dB 103 kwa volti 1. Kwa miliwati ni kama 98.

Za kuchomeka sikioni zinatoa "shii" kwenye amplifaya, na besi imebadilika.

"Shii" ni kelele ya amplifaya yenyewe. Swichi ya gain (kiasi amplifaya inavyokuza sauti) iweke chini. Besi hubadilika pale omu za kutokea za amplifaya (ukinzani wake yenyewe upande wa kuchomeka hedifoni) zinapokuwa nyingi. Zisizidi moja ya nane ya zile za hedifoni: kwa omu 16, ziwe 2.

Boksi limepotea. Nitapimaje omu?

Zivue masikioni. Weka mita ya kupimia umeme kwenye omu 2000, gusa kwa nyaya zake ncha ya pini ya hedifoni na sehemu ya tatu kutoka nchani. Upande wa kushoto utasikika "krk", na namba itakuwa chini kidogo ya omu halisi. Zenye vispika kadhaa ndani hazipimiki hivi.