Usihame uhandisi kwa mtihani mmoja

Mdogo wangu, unasema ulipata A ya hesabu kidato cha nne, sasa mtihani wa kwanza wa mekanika, somo la nguvu na mwendo, umekupa 11 kwa 30 na unataka kuhama kozi. Ngoja kwanza. Mimi nilipata 9, na nilikuwa nakesha kweli kweli. Nilisoma majibu ya wenzangu, natikisa kichwa, naona nimeelewa. Kumbe mkono haujui lolote.

Kwa kuwa wavuka feri ya Likoni, Mombasa, kila siku, mtazame yule wa mkokoteni akipandisha mzigo mwinuko wa kutoka ferini. Chora mkokoteni peke yake, bila mtu, bila barabara. Kisha mishale, mmoja kwa kila nguvu: uzito unashuka wima, barabara inausukuma mkokoteni kwa pembe mraba, msuguano, msukumo wa mikono. Ukisahau mshale mmoja, hesabu yote imekwenda mrama. Fanya kumi za hivyo, kitabu kimefungwa.

Kukesha acha. Tafuta wawili watatu msome hapo hapo chuoni Tudor kabla hujarudi ng'ambo ya Likoni. Nyumbani na joto lile utasinzia tu. Mhadhiri mwendee na karatasi yako, umwoneshe mstari uliokwama.

Habari ya kuhama, niulize tena muhula ukiisha.