Herufi C haina maana bila namba yake

SWALI: Mimi ni mwanamke wa transijenda (nilizaliwa na mwili wa kiume), mwaka wa pili natumia homoni za kike. Chini ya matiti nina sentimita 91, kwenye chuchu 104. Nimenunua sidiria tatu za 38C. Zote zinanibana mbavu mpaka zinaacha alama, na bado vikombe vinapwaya juu. Inakuwaje?

JIBU: Dada, hapo kuna makosa mawili kwa pamoja: mkanda unaozunguka mbavu ni mdogo, kikombe ni kikubwa. Tazama lebo. Nyingi zinazouzwa madukani kwetu zimeandikwa 36/80, 38/85, 40/90. Namba ya pili ndiyo ya mwili wako, yaani sentimita za chini ya matiti, futi ikiwa imelala sawa mgongoni na pumzi umeitoa. Kwa 91, mkanda wako ni 40/90.

Herufi hupatikana kwa kutoa: 104 toa 91 ni 13. Tofauti ya sentimita 12 hadi 14 ni A, 14 hadi 16 ni B, 16 hadi 18 ni C. Basi wewe ni 40A. Usinune. Kikombe hukua kila namba inapopanda, hata herufi ikibaki ileile, kwa hiyo A ya 40 inabeba sawa na B ya 38 na C ya 36. Hiyo 38C yako ni sawa na B ya 40, ndiyo maana inapwaya.

Tatizo ni kwamba 40A ni adimu, kwani wauzaji hudhani mwenye mbavu pana lazima ana matiti makubwa. Nunua 38B, kisha ongeza kipande cha kulabu cha kuunganisha nyuma, kinachotoa sentimita tatu hadi tano. Hesabu kwanza safu za kulabu zako, mbili au tatu, vipande haviingiliani. Kipande hicho hutanua pia nafasi kati ya kamba mgongoni. Mwenye mabega membamba zitamteleza. Mwenye mabega mapana atashukuru.

Sidiria mpya ifungwe kulabu ya nje kabisa, maana mkanda hulegea kwa kufuliwa na utahitaji zile za ndani baadaye. Mkanda ukipanda mgongoni, ni mkubwa. Vidole viwili vipite chini yake, si ngumi.

Kipimo kikiwa sahihi na juu bado kuna uwazi, kosa ni umbo. Kwenye kifua kipana matiti hukaa mbalimbali na huwa mapana kuliko kina chake. Kikombe kirefu hakitajaa juu. Tafuta sidiria ya nusu kikombe, isiyofunika titi lote juu. Na usinunue dazeni: matiti ya homoni huendelea kukua miaka miwili, mitatu, hata zaidi. Pima upya kila miezi mitatu, na yakiuma acha zenye waya.

SWALI: Mimi ni mwanaume, huvaa mavazi ya kike nyumbani. Matiti yangu ya silikoni huchomoka nikiinama. Pia sijui uzito wa kuagiza.

JIBU: Unahitaji sidiria yenye mfuko ndani ya kikombe, kama zinazotengenezwa kwa wanawake waliokatwa titi. Usipoipata, fundi cherehani yeyote ataushona: kitambaa laini cha fulana nyuma ya kikombe, kishonwe pande zote, abakize mdomo wa sentimita nane upande wa kwapa. Kitambaa hicho kitanyonya na jasho.

Kuhusu uzito, weka mfuko mwembamba wa plastiki ndani ya kikombe, mimina maji mpaka kijae bila kufurika, funga, pima. Silikoni ina uzito unaokaribiana na wa maji, hivyo gramu utakazopata ndizo za titi moja. Soma tangazo vizuri: wengi huandika gramu za jozi, na hapo ndipo watu hupokea nusu ya walichotarajia. Osha kwa maji na sabuni isiyo kali. Pini na kucha ndefu kaa navyo mbali.

SWALI: Nina maumbile ya kiume. Chupi za kike zinanikata mapajani na mbele hazitoshi.

JIBU: Chagua kwa kipimo cha nyonga, si kiuno, kisha panda saizi moja. Pamba yenye mpira kidogo, kipande cha katikati kiwe kipana. Ukibana mbele ili pawe bapa, vua mara uhisi ganzi au maumivu, usilale nayo, na utepe wa gundi wa karatasi au wa maboksi usiguse ngozi hiyo hata siku moja.