Jibu: Januari naingia kidato cha nne, kila siku naahirisha kusoma

Habari, mdogo wangu. Umesema uko Ujiji, likizo inayoyoma, na kila usiku unaapa "kesho naanza", ikifika kesho unashika simu.

Ratiba iache kwanza. Angalia umejipangia nini hasa. Ukiandika "kusoma Jiografia" hujui uanzie wapi, lazima ukimbie. Toa karatasi ya mtihani wa kufunga mwaka, tafuta swali moja ulilokosa, tuseme lile la ramani: kupima umbali wa barabara kwa uzi, kisha kuugeuza kuwa kilometa kwa kipimo cha ramani. Lifanye upya, likiisha ondoka hata kama umenogewa. Karatasi iache mezani, kalamu juu ya swali linalofuata. Hiyo ndiyo iliyonitoa mimi. Simu mpe mama. Kuizima ni kujidanganya.

Sare na madaftari kanunue Mwanga, hapo Kigoma mjini, kabla ya Krismasi. Januari mafundi cherehani wanazidiwa, nawe utapata kisingizio kipya.

Fizikia na Kemia waulize wengine humu, mimi nilikuwa mtu wa sanaa.