Mimea ya Tangi Lenye Pleko: Upi Utadumu, Upi ni Chakula Tu

Kila anayeanza kufuga samaki wa mapambo hapa Kisumu huniuliza mmea ambao pleko hali. Mimi huuliza vingine: mmea gani, hata akiukwaruza usiku kucha, jani halitoboki? Na hata akiupiga mkia, haung'oki? Ukienda dukani na maswali hayo mawili, utatoka na mimea michache sana, lakini mwakani bado utakuwa nayo.

Pleko ni kambale wa Amerika Kusini. Huuzwa akiwa na urefu wa kidole, na muuzaji atakuapia kabisa: "Chukua huyu, auntie, kioo hutasugua tena." Akiwa mdogo, hilo ni kweli, anakula mwani kwelikweli. Lakini pleko wa kawaida hupita sentimita 30, na akishanenepa, mwani wa tangi la sebuleni haumtoshi hata kidogo. Mdomo wake uko chini ya kichwa, wa kunyonya, wenye safu za meno madogo ya kukwaruza. Taa zikizimwa anajibandika kwenye jani pana, anaparua mwani, na ngozi ya jani inaenda nao.

Mwenzake ni gogogo wa ziwani, okoko kwa Wajaluo, ambaye baadhi yetu huletewa na wavuvi akiwa bado mdogo. Huyo majani hayamshughulishi sana. Yeye hufukua mchanga akitafuta konokono na wadudu, na asubuhi unakuta mimea yote inaelea juu ya maji. Kwa hiyo tazama kwanza una mharibifu wa aina gani, maana dawa zao hazifanani.

Kabla ya kumlaumu samaki, chomoa jani moja ulielekeze kwenye mwanga wa dirisha. Kazi ya pleko haifichiki. Utaona mabaka yanayopitisha mwanga, nyama ya jani imekwisha, vishipa vimebaki vimesimama peke yake, na mara nyingi ni katikati ya jani mahali anapopata nafasi ya kulala. Vitundu vidogo vyenye ukingo wa manjano kwenye majani ya zamani ni njaa ya mmea wenyewe, hasa upungufu wa potasiamu. Jani likilainika lote na kuyeyuka, na mmea ni kriptokorine uliohamishwa juzi, hapo hakuna aliyeula. Kriptokorine hufanya hivyo ikibadilishiwa maji, kisha huchipua upya kutoka kwenye mizizi, kwa hiyo usiitupe. Na ukiona madoa meusi yaliyopangika vizuri chini ya jani la java feni, hizo ni spora zake, chembe za kuzaliana, si ugonjwa. Nimewaona watu wakizikwangua kwa ukucha.

Sasa mimea yenyewe. Kama pesa inatosha mmoja tu, nunua anubiasi. Asili yake ni Afrika Magharibi na ya Kati, jani lake ni gumu, linakaribia ngozi ya kiatu, na linaridhika na mwanga hafifu. Ubaya wake ni kwamba hukua polepole mno, hivyo jani lililokaa chini ya taa kali hufunikwa na mwani, na mwani ndio unaomwita pleko. Iweke kivulini, nyuma ya jiwe au chini ya gogo. Java feni inafuata. Ni jamii ya kangaga, samaki wengi hawaipendi, na majani yake makuukuu huzaa vijimea vidogo juu yake ambavyo unavichomoa na kuvifunga kwingine bila kurudi dukani. Ukibahatika kukuta bolbitisi, kangaga wa mito ya Afrika, ichukue pia, ingawa hupenda maji yanayotembea, kwa hiyo mahali pake ni karibu na pampu.

Uzuri wa hiyo mitatu ni kwamba haipandwi mchangani. Ina shina nene lililolala, na shina hilo ukilifukia linaoza. Lifunge kwenye jiwe au gogo kwa uzi wa pamba wa rangi nyeusi, ule wa fundi cherehani, uzungushe mara kadhaa bila kukaza hadi ukate. Mizizi ikishashika, uzi unaweza kuoza wenyewe, hauna kazi tena. Wasio na subira hutumia supa gluu: tone dogo, unabana kidogo, basi. Ikigusa maji inaganda, na ikishaganda haimdhuru samaki. Gogogo afukue usiku kucha akitaka, hakuna mzizi wa kung'oa. Jiwe ulilookota ulidondoshee siki kwanza. Likitoa povu lina chokaa, na chokaa hufanya maji kuwa magumu. Gogo liwe la mti mgumu uliokauka kabisa, uliloweke mpaka lizame lenyewe. Pleko pia hukwaruza mbao, kwa hiyo gogo hilo unamwekea na yeye.

Unataka majani marefu nyuma ya tangi? Valisneria inawezekana, ila usiipande wazi. Tafuta chungu kidogo cha udongo, panda humo, jaza kokoto juu, kisha zungushia mawe ambayo samaki hawezi kuyasukuma. Ikishajitambua itatuma vijikonyo vya kuzaa miche nje ya chungu. Baadhi itang'olewa, baadhi itashika.

Upanga wa Amazon nauacha dukani. Unapendeza, najua, na ndio wa kwanza kuonyeshwa, lakini jani lake pana na laini ndilo hasa pleko analolitafuta. Uache pia ule uitwao mianzi ya bahati. Huo ni mmea wa nchi kavu, na ukizamishwa wote unaoza polepole, hata kama tangi halina samaki.

Kuna mmea mwingine ambao ziwa letu limejaa: seratofilamu, wenye vijani vyembamba vilivyozunguka shina na usio na mizizi kabisa. Unaelea, unakua haraka, unanyonya uchafu wa maji, na pleko hana pa kujibandika. Tatizo ni jinsi ya kuupata. Ghuba ya Winam, upande wetu wa Ziwa Victoria, ina kichocho. Usivue viatu ukaingia majini Dunga kwa ajili ya mmea wa tangi. Vijidudu vyenyewe havidumu zaidi ya siku mbili hivi bila kumpata mtu, lakini konokono aliyeambukizwa anayekuja amejificha kwenye shina huendelea kuvitoa, na wewe ndiye utakayetia mkono kubadilisha maji. Omba shina kwa mtu aliyeuotesha kwenye tangi miaka yote. Wenye nao hugawa bure, maana lazima waupunguze kila mara.

Halafu mlishe. Pleko mwenye njaa atajaribu hata anubiasi. Usiku, baada ya kuzima taa, ninamwekea kipande cha tango nilichokichoma kwa uma ili kizame, au bua la sukuma wiki lililochemshwa kidogo mpaka likalainika. Hakikisha tu mboga imeoshwa vizuri kwa sababu ya dawa za shambani. Asubuhi kinachobaki kinatolewa, la sivyo maji yanachafuka. Kulisha hakumzuii kabisa, lakini majani mapya hupata muda wa kukomaa. Kama bado hujanunua samaki, mwulize muuzaji ansistrasi, pleko mwenye masharubu anayefika sentimita 12 au zaidi kidogo, au otosinklasi, ambaye ni mdogo kuliko kidole na hula mwani bila kuparua jani.

Kambale mumi wa bwawani, ambaye watoto huomba awekwe kwenye kioo, simtafutii mmea. Hukua hadi kupita mita moja, na hata akiwa mdogo anapindua kila kitu kilicho chini. Mwekee mimea inayoelea, na umtafutie bwawa mapema.

Pleko akilizidi tangi, mrudishe dukani au umpe mwenye tangi kubwa. Ziwani asiende, wala mto Kisat. Pleko wametupwa kwenye mito ya Mexico na Florida na sasa wamezaana huko, na sisi gugu maji, lililotoka huko huko Amerika Kusini, tunapambana nalo tangu miaka ya 1990. Hata mimea unayoipunguza usiimwage kwenye mtaro, kwa sababu mitaro yetu huishia ziwani. Ianike juani mpaka ikauke na kuvunjika mkononi, kisha iweke chini ya migomba.