Ukiletewa papa mkavu: kwa wanaoanza maabara

Wadogo zangu, mkiletewa papa mkavu kutoka Kariakoo na kutakiwa mtambue ni papa gani, msiendelee kubadilisha praima (vipande vifupi vya DNA vinavyoanzisha unakili) kila PCR, yaani mbinu ya kunakili DNA mara nyingi, inapogoma. Nyama ile imetiwa chumvi, ikaanikwa juani, kisha ikakaa sokoni na joto letu hili la Dar. DNA yake imekatikakatika. PCR inataka kipande kisichokatika kuanzia praima moja hadi nyingine, na sehemu ya jeni ya COI tuliyozoea kutambulishia samaki ina besi, yaani herufi za DNA, kama 650. Probu, yaani kipande kifupi cha DNA kinachojishikiza kwenye DNA inayolingana nacho, ikiwa ya besi 25 inashika hata kwenye kipande cha besi 60, na polimerasi, kimeng'enya cha kunakili DNA, haihusiki.

Wengi huvutwa na dhahabu. Mwaka 1996 Chad Mirkin na wenzake huko Marekani walionyesha kwamba chembe za dhahabu zilizovikwa probu, zikikutana na DNA inayolingana nazo, hushikamana na rangi ikahama kutoka nyekundu kuelekea zambarau. Inapendeza macho, lakini shika kalamu kwanza. Kuona kwa macho matupu kunadai takribani femtomoli 10, yaani molekuli bilioni 6. Kwa kipimo cha seli ya binadamu, nanogramu 1 ya DNA ni seli kama 150. Tuseme kila seli ina nakala 1,000 za DNA ya mitokondria: umepata nakala 150,000 tu. Kufikia bilioni 6 utahitaji mikrogramu 40 za DNA! Kwa hiyo lenga mitokondria, jeni la kwenye kiini sahau, na usikate kijipande cha nyama kama cha kufanyia PCR. Nyama ikiwa haba, kuza ishara badala ya DNA. Mnyororo wa Dirks na Pierce wa 2004, ambamo DNA lengwa huchochea vipande vingine vya DNA viungane mfululizo, unafanya hivyo bila kimeng'enya.

Sasa chumvi, ambayo ndiyo itakayowatesa. Chumvi peke yake inaweza kukusanya dhahabu, na papa huyu ameloa chumvi. Loweka nyama kwenye maji safi, na DNA uliyoitoa ioshe kwa ethanoli ya asilimia 70, ikibidi mara mbili. Kisha ichemshe kwa nyuzi joto 95 na uitumbukize kwenye barafu papo hapo, nyuzi mbili za DNA zilizoachana zisipate muda wa kurudiana. Mrija ukigeuka zambarau, usishangilie. Upashe joto kupita kiwango ambacho probu huachia: rangi ikirudi nyekundu, ni DNA iliyoshikana. Ikibaki zambarau, ni chumvi au uchafu.

Kwa sampuli ya kudhibiti, yaani ya kulinganishia isiyo na papa, maji matupu hayatoshi hata kidogo. Weka ng'onda wa nguru, aliyetiwa chumvi vilevile, apitie hatua zote.

Umeme ukikatika hutalia sana, maana hakuna kimeng'enya cha kuharibika. Ila dhahabu ikae frijini, si kwenye friza, ikiganda imekwisha.

Spishi kadhaa za papa pingusi, wale wenye kichwa kama nyundo, ziliingizwa mwaka 2013 kwenye Kiambatisho cha II cha CITES, mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya viumbe walio hatarini, hivyo jibu lako linaweza kumfikisha mtu pabaya. Andika "inashukiwa", peleka DNA ikasomwe mfuatano wa besi zake kwa vipande vifupi, na nyama iliyobaki iweke kwenye ethanoli ya asilimia 95, yenye lebo ya penseli. Wino unafutika.